Jibu: Kwa nini mwalimu anasema kazi yangu ni "mazungumzo"?

Dada, umeuliza kwa nini mwalimu amekurudishia kazi na kuandika pembeni "haya ni mazungumzo", wakati Kiswahili chako ni safi. Nimesoma kipande ulichoweka na sarufi sioni kosa. Shida iko kwenye namna sentensi zinavyobeba hoja.

Tazama hii yako: "Mlima ulilipuka, watu wakakimbia Goma, halafu kila kitu kikapanda bei." Huku Bukavu tukiwa sebuleni ningekuelewa kabisa. Kwenye kazi ya chuo, vitenzi hivyo vigeuze viwe majina (nomino), kama "kulipuka" kuwa "mlipuko": "Mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ulisababisha wakazi wengi kuuhama mji wa Goma. Huenda uhamaji huo ulichangia kupanda kwa bei ya vyakula."

Umeona "uhamaji huo"? Umebeba habari ya sentensi ya kwanza na kuifanya mwanzo wa ya pili. Hapo ndipo hoja inashikana. Na "huenda" si woga: mlipuko una tarehe inayojulikana, lakini sababu ya bei bado unaipima. "Kila kitu" nacho kitaje: maharagwe, unga wa muhogo.

Ukisoma maandishi ya kitaaluma, piga mstari chini ya kila "hata hivyo" na "kwa mujibu wa". Ndivyo nilivyojifunza kutenganisha hoja ya mwandishi na ya yule anayemnukuu, na ilinichukua mwaka mzima. Ila usirundike majina yaliyotokana na vitenzi hadi isijulikane nani alitenda nini.

Andika upya aya moja uiweke hapa, tuisome pamoja.