Usitume hiyo laki na nusu

Mdogo wangu wa Nkuhungu, unasema ulishusha muvi kwa torenti (njia ya watu kugawiana mafaili mtandaoni), kesho yake ukapata meseji: lipa 150,000 au ukamatwe. Usitume hata mia. Deni la hakimiliki halilipwi kwa namba ya simu ya mtu; hao ni walewale wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Ila kufuatiliwa kupo kweli. Kwenye torenti, huku unashusha, huku unawarushia wengine vipande, na kila aliyemo anaiona anwani yako ya IP, yaani namba ya intaneti unayotumia. Wawindaji waliotumwa na wenye hakimiliki hujiunga kama washushaji wa kawaida, wanaandika anwani na saa. Marekani, kuanzia 2003, RIAA, chama cha kampuni za muziki, kilishtaki maelfu ya watu waliogawiana nyimbo mtandaoni, kwa kufuata anwani hizo. Lakini anwani haina jina. Jina analo mtoa huduma wa intaneti, na kule walilidai kupitia mahakama.

Lile faili la muvi lililokudai usakinishe programu kwanza? Huenda ni virusi. Lifute leo.

Na kama muvi hizo unawarushia wateja kwenye flashi pale Majengo, mia tano mia tano, hapo umeingia biashara. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakuhusu. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize mwenyewe, kabla hawajakuuliza wao.