Kabla ya Kukiondoa Kitabu Rafuni, Kagua Katalogi

Kitabu kikikaa miaka mitano bila kuazimwa, ni rahisi kuamua kwamba wasomaji hawakitaki. Mara nyingi hawajui hata kama kipo, maana katalogi haiwaonyeshi.

Tuchukue Koha, programu ya kuendesha maktaba inayotumika katika maktaba nyingi za vyuo Kenya na Tanzania. Rekodi (maelezo ya vitabu) zikinakiliwa kutoka nje, mada zake huja kwa istilahi za Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, na huko mahindi huitwa "Corn". Mwanafunzi anayeandika "mahindi" hakipati kitabu ambacho rekodi yake haina neno hilo. Hata wa "maize" anaweza kukikosa. Dawa ni uga 653, nafasi ya maneno huru ya mada katika rekodi: jaza humo maneno ya wasomaji wenu, kwa umoja na kwa wingi. Wingi usiudharau. Mpangilio wa Koha uitwao QueryAutoTruncate hupanua mwisho wa neno tu, ilhali nomino za Kiswahili hubadilika mwanzoni. Ndiyo maana "mwalimu" haileti "walimu", wala "muhogo" haileti "mihogo".

Maneno hayo msiyakisie. Washeni EnableOpacSearchHistory, mpangilio unaohifadhi utafutaji wa wasomaji, na baada ya mwezi mmoja tengenezeni ripoti ya SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) kutoka jedwali la search_history, mkichuja total = 0, yaani utafutaji usiopata kitu. Chukueni query_desc, yaani maneno yaliyotafutwa, peke yake. Userid, inayomtambulisha msomaji, iacheni, kwani anachotafuta msomaji ni siri yake. Jedwali hunasa walioingia kwa akaunti tu, hivyo dawati la huduma nalo liandike maswali linayopokea.

Rekodi zikiwa mamia, tumieni kiolezo cha Koha cha kubadilisha MARC (muundo wa kuandika rekodi za katalogi) kwa mkupuo. Chagueni kitendo cha kuongeza uga mpya: kile cha kusasisha uliopo hufuta maneno ya awali. Jaribuni kwa rekodi 10 kwanza. Neno jipya lisipopatikana, kagueni kama huduma ya faharasa ya Zebra, injini ya utafutaji ya Koha, imesimama. Ikibidi, fundi aendeshe amri ya koha-rebuild-zebra -f ikifuatwa na jina la Koha yenu kwenye seva.

Matokeo yasipimwe kwa kuazima pekee, maana vitabu vingi husomewa mezani. Washeni RecordLocalUseOnReturn, mpangilio unaohesabu kitabu kisichoazimwa kinapopitishwa kwenye ukurasa wa kurudisha, waombeni wasomaji wasirudishe vitabu rafuni, kisha mskani hapo kila kilichoachwa mezani. Linganisheni muhula na muhula unaofanana nao, kwa sababu mitihani hupandisha matumizi yenyewe, na wekeni kando kundi la vitabu ambavyo rekodi zake hamkuzigusa, la kulinganishia.