Kuchagua losheni ya jua kwa ngozi zetu za Dar

Juzi msomaji wangu mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Dada, nimenunua losheni ya jua, nikipaka nakuwa kama nimemwagiwa unga. Kazini wananicheka. Niache?"

Usiache, mdogo wangu. Badilisha aina.

Hayo ya kuchekwa nayajua vizuri. Nilipojifungua mtoto wa pili nilibaki na madoa meusi mashavuni, kulia na kushoto, na utepe mweusi juu ya mdomo. Kazi yangu wakati ule ilikuwa ya kuzunguka kutafuta wateja: Kariakoo, Buguruni, Tandika, jua la utosi likinikuta kituoni nasubiri daladala. Madoa yakazidi kukolea. Dukani nilipoulizia losheni ya kukinga jua, muuzaji alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Wewe mweusi hivyo, jua litakufanya nini?" Kisha akanitolea kopo la krimu ya kung'arisha, halina hata lebo. Niliondoka bila kumjibu.

Losheni niliyokuja kuipata mahali pengine ilikuwa nzito, ya zinki, na ilinifanya uso wa kijivu huku shingo na mikono vimebaki na weusi wake. Nikaenda hivyo kwenye kicheni pati ya binamu yangu. Nyuma yangu nikamsikia shangazi akimwambia jirani yake, "Huyu naye siku hizi anajichubua. Uso Fanta, miguu Coca-Cola." Mimi, ambaye mkorogo sijaugusa maishani mwangu! Mpaka leo nikikumbuka moyo unaniuma, maana yalisemwa mbele ya mama yangu.

Aliyenisaidia ni daktari wa ngozi. Alinieleza kwamba weusi wetu ni kinga kweli, ila hautoshi. Dar iko kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na mchana kipimo cha UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, hufika 11 na kupita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa cha kupindukia. Wengi wetu hatubabuki kama wazungu, lakini madoa tunayapata, na yakishaingia hayatoki upesi.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Namba ya SPF inapima zaidi kinga dhidi ya UVB, mionzi inayounguza. SPF 30 huzuia takribani asilimia 97, SPF 50 asilimia 98. Basi mtu asikutoze maradufu kwa sababu chupa imeandikwa 100. Mionzi mingine ni UVA, ambayo hupenya mawingu na hata kioo cha dirisha la gari. Kinga yake utaiona kwa herufi UVA ndani ya duara, au PA yenye alama za kujumlisha. Nne ndiyo kinga ya juu. Na kwa ngozi nyeusi kuna la tatu: mwanga wa kawaida, huu tunaoonea, nao hukoleza madoa. Losheni isiyo na rangi haiuzuii vya kutosha. Inayouzuia ni rangi ya kahawia yenye oksidi za chuma, kwa hiyo losheni ya rangi inayoendana na uso wako inakinga madoa na pia haikuachi na ule weupe wa unga. Mimi nilipohamia kwenye hiyo, na kuipaka kila siku ya Mungu, madoa yalififia, na leo wenzangu kazini wananiuliza natumia nini. Najibu kwa fahari: kinga ya jua.

Ngozi ya mafuta na chunusi, chukua jeli au losheni nyepesi, maana joto la Dar na krimu nzito haviivani. Ngozi kavu, chukua krimu. Ngozi inayowasha upesi, ile ya zinki inakufaa zaidi, ila tafuta yenye rangi.

Kiasi nacho kina maana. Kwa uso na shingo, jaza vidole viwili, cha shahada na cha kati, toka shina hadi ncha. Ukipaka kama manukato, SPF 50 yako haifanyi kazi ya 50. Ukiwa nje, rudia kila baada ya saa mbili, na ukitoka jasho sana rudia mapema.

Dada zangu, mkorogo tuuache. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali za kuchubua ngozi, vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na ngozi iliyochubuliwa imevuliwa kinga yake ikaachiwa jua. Ndugu zetu wenye ualbino wanaijua thamani ya kinga hiyo, kwa kuwa kwao jua huleta saratani ya ngozi. Kwa ajili yao ndiyo maana kule Moshi ikaanza kutengenezwa losheni ya Kilisun. Na sisi tulio na kinga ya weusi wetu tunalipa hela ituondoke?

Wewe wa Mbagala, ukienda dukani angalia kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi, na ukatae chupa iliyopangwa dirishani inapigwa na jua. Usijaribie mgongoni mwa kiganja chini ya taa. Paka kidogo kwenye taya, toka nje, subiri dakika chache ikauke, kisha jipige picha. Taya na shingo zikilingana, lipia.