Dafu halioshi figo, na bangili zangu nazo

Juzi usiku kijana mmoja wa Wete kaniandikia. Mama yake figo zimekufa, ana miezi miwili kwenye mashine ya kusafisha damu, sasa kuna mjomba wao analeta madafu kila siku kutoka shamba, ati yanaosha figo, je aendelee kumpa? Mie nshalala, nikakaa kitako. Nikamuuliza leo kanywa mangapi. Kimya.

Jamani. Figo mbili nzima zinachuja kiasi cha lita 180 kwa siku, karibu yote inarudi mwilini, unakojoa lita moja na nusu au mbili basi. Zikishakufa hakuna cha kuoshwa tena, ukinywa maji yanabaki humo humo, miguu inavimba, pumzi inakuwa ya kuvuta kwa shida. Na dafu lina potasiamu nyingi, ikizidi kwenye damu moyo unaweza kusimama. Mtu mzima wa afya anywe apendavyo, mgonjwa wa mashine hapana.

Mie huu mwaka wa tatu, mara tatu kwa wiki, masaa manne manne. Mwanzo niliwekwa mpira wa kupitishia damu shingoni, halafu nikapasuliwa mkono wa kushoto wakaunganisha mshipa na mshipa, ndiyo fistula. Daktari alipolitaja hilo neno mama alilia pale pale koridoni, akadhani ile ya wazazi hahaha, masikini mama. Nikakaa miezi miwili naminya mpira wa watoto mpaka mshipa ukanenepa. Ukiweka kidole unatetema, ukiuweka sikioni unasikia vuuu vuuu kama paka anayebembelezwa. Nikaupenda mkono ule wallahi.

Kisha ikaja harusi ya binamu yangu, Fuoni. Nshachoka kuitwa mgonjwa, nikataka nionekane kama wenzangu, nikaazima bangili sita za dhahabu, mkono huo huo, zilikuwa ndogo nikazipitisha kwa sabuni. Nimecheza mpaka saa nane usiku, nikalala nazo na mkono nimeulalia. Asubuhi kuusikiliza, kimya. Nikauhamisha sikio la pili, kimya. Damu imeganda. Nikarudi kwenye mpira wa shingoni miezi mitano, na bangili zenyewe mwenyewe kazifuata siku ya pili yake hata pole hajanipa, lakini tuyaache hayo.

Kwa hiyo nnaposema sisemi kwa kusoma. Mkono wa fistula uguse kila asubuhi kabla hujapiga mswaki, usipotetema nenda hospitali siku ile ile, usingoje zamu yako. Usivae kitu cha kubana, usiulalie, usipimwe presha huko, usitolewe damu huko. Mie kuna nesi sehemu moja alinishika mkono ule anifunge presha, nikauvuta, akaninunia, anune tu. Uoshe kwa sabuni kabla ya sindano, na mtu wa sindano umtazame kama kabadilisha glavu, huo si ujuba, ni damu yako. Wenye mpira wa shingoni usirowe, na ukitetemeka kwa baridi au homa sema hapo hapo usione haya.

Maji mie niliambiwa nusu lita kwa siku na juu yake kiasi cha mkojo ninaopata, na humo umo mchuzi, chai na uji, watu wanasahau. Kilo moja iliyozidi kati ya mashine na mashine ni kama lita moja ya maji. Kiu ikinishika nasukutua natema. Mbatata nazikata ndogo, nachemsha kwa maji mengi, maji yale namwaga, potasiamu inapungua. Urojo nimeuaga, na huo ndio unaoniuma kuliko sindano.

Wazee wetu na madafu yao wanatupenda, najua, lakini mapenzi hayapimi potasiamu. Mjomba aambiwe kwa adabu, madafu wanywe wanaouguza.

Yule kijana kajibu leo alfajiri. Kanywa madafu matatu, na mama anasema miguu imelegea hawezi kusimama. Nimempigia mara nne, nimemwambia asimpe hata tone jengine, ampeleke hospitali sasa hivi aseme mama yake ni wa mashine na kanywa madafu. Ya mara ya tano kapokea, yuko ndani ya gari naye.