Usonji: ni ugonjwa au ni umbile lake?

Neno la kwanza la mwanangu lilikuwa "feri". Si mama, si maji. Alikuwa na miaka sita, tumesimama kivuko cha Likoni, Mombasa, upande wa kisiwani, ameziba masikio kwa ajili ya honi, mara akalitamka wazi kabisa. Nililia mbele za watu.

Kufikia hapo tushamnywesha kombe (maji yaliyooshewa aya za Kurani), tushamfukiza ubani, na jirani ashalaumu chanjo (utafiti umelikanusha hilo mara nyingi, lakini nani atamwambia). Daktari ndiye aliyelitaja jina: usonji. Akasema ni hitilafu ya ukuaji wa ubongo. Hiyo "hitilafu" ilinikera kama mchanga ndani ya kiatu.

Baadaye nikasoma habari za Jim Sinclair, mwenye usonji mwenyewe, aliyewaambia wazazi mwaka 1993 waache kuomboleza, kwani hakuna mtoto mwingine aliyefichwa ndani ya huyu. Nikahamia huko mzimamzima. Ukinitajia matibabu, tunagombana.

Hadi jioni aliyotoroka. Tulimpata baada ya Magharibi kwenye foleni ya feri, miguu chini, kila anayemuuliza jina anamwangalia tu. Usiku ule kusema "yeye ni tofauti tu" kusingemrudisha nyumbani.

Kwa hivyo mzazi mwenzangu, ofisini usione haya kusema ulemavu. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu haitoki bila tathmini ya daktari, na daktari hawezi kujaza fomu kwamba mtoto ni wa kipekee. Kumfunza kutaja jina lake na kuvuka barabara ndiyo tiba ninayoilipia mimi, na usingizi pia, maana tusipolala hakuna falsafa.

Lakini kumshika kidevu ili anitazame machoni nimeacha. Kumzuia kupepea mikono nimeacha. Anapanga vifuniko vya soda barazani, vyekundu mbali na vya manjano, kimoja kikikaa upande anarudia safu nzima. Hilo linamuumiza nani?

Nyanyake alikuwa akiniuliza kila Ijumaa atapona lini. Sikuwahi kupata jibu la kumridhisha. Siku hizi akitoka harusini hupita kwetu kwanza, afungue pembe ya leso yake, amwagie mjukuu vifuniko kwenye mkeka.