Otomatiki, betri imekufa? Weka kamba chini kwanza!

Mkuu, umeuliza Toyota IST yako ya otomatiki inatokaje kwenye P (gia ya kuegesha) wakati betri imekufa fofofo. Sawa. Kilichonishtua ni ule mstari wa mwisho, kwamba jamaa yako ana Hilux na kamba, atakuvuta kutoka Mbezi mpaka kwa fundi Tegeta. Hapo ndipo nilipoliwa mimi.

Kuitoa kwenye P ni dakika moja. Vuta handibreki, zungusha ufunguo mpaka ON ili usukani usijifunge, kanyaga breki. Pembeni ya gia kuna kifuniko kidogo cha plastiki. Kibandue kwa bisibisi bapa, bonyeza kitufe kilicho chini yake huku unarudisha gia N (nyutro). Basi. Na watu wakishafika hapo wanajiona wamemaliza.

Spacio yangu ilinigomea Kibaha, betri haiwashi hata taa ya ndani. Akaja fundi wa kijiweni, akabonyeza, N ikaingia, tukapiga makofi. Nikamuuliza, hii ni otomatiki, itavutika kweli? Akanijibu kama daktari bingwa: "Nyutro ni nyutro, bosi." Nyutro ni nyutro! Tukafungwa nyuma ya Canter mpaka Kimara, kama kilomita 20, usukani mzito utadhani nalima, breki nakanyaga kwa miguu miwili.

Betri mpya ikafungwa, injini ikawaka safi. Naweka D (gia ya kwenda mbele), gari limekaa. Nakanyaga mafuta, linanguruma tu pale pale. Kufungua, oili ya gia boksi imetoka nyeusi, inanuka kama maandazi yaliyosahaulika jikoni. Kumbe pampu ya hiyo oili inazungushwa na injini. Injini ikizima oili haipandi, ila tairi za mbele zinaendelea kuzungusha vyuma vya ndani vikiwa vikavu. Gia boksi ya mtumba Ilala laki nane, ufundi mbali, kwa ugonjwa wa betri! Nampigia yule fundi wa kijiweni, ananiambia gia boksi "ilishachoka". Aliyechoka ni mimi. Mpaka leo nikijifanya mjuaji nyumbani, mke wangu ananiambia tu, "nyutro ni nyutro."

Otomatiki ikiwa imezima, tairi zinazovuta gari zisiguse lami. Andika ukutani. IST nyingi zinavuta mbele, kwa hiyo mbele inyanyuliwe, au gari zima lipande mgongoni mwa brekidauni. Kama yako ni 4WD, yaani inavuta kwa tairi zote nne, ni mgongoni tu, hakuna mjadala. Kuisukuma itoke getini ruksa. Tegeta hapana.

Halafu kama tatizo ni betri tu, unavuta ya nini? Hilux ya jamaa si ina betri? Kamba aiache, alete nyaya za kushtulia. Kama hana, ninazo mimi, hazijawahi kutoka kwenye buti tangu siku ile. Uko Mbezi ipi, Beach au ya Kimara?