Barua kwa mwanangu: pipi za sikukuu zilizonata

Mwanangu,

Barua yako nimeipata na picha nimeziona. Unasema pipi zilitoka zinang'aa, zikaganda, ukalala umeridhika. Kulipokucha ukazikuta zimeshikana bonge moja na juu zina utelezi. Unauliza ulikosea wapi, kama asali inaweza kushika nafasi ya shira ya glukosi, na kama utawahi kupika nyingine kabla ya sikukuu. Hilo la mwisho nikutoe wasiwasi mapema: utawahi. Pipi ngumu iliyoiva sawasawa na kufungwa vizuri hukaa wiki nyingi, kwa hiyo hata ukipika mwishoni mwa wiki hii zitaifikia sikukuu zikiwa salama.

Hilo la kwanza ndilo lenye maneno. Nimefurahi umenieleza kila ulichofanya, maana wengi husema tu "zimeharibika" wakakuachia ubashiri. Ulikamua limau zima ndani ya shira ili isirudi kuwa chenga. Kipimajoto kilipofika nyuzi 138 za Selsiasi shira ikaanza kugeuka manjano, ukaogopa itaungua, ukaipua. Kisha ukaiingiza trei kwenye friji igande upesi. Ukiniuliza mimi, kosa kubwa ni limau, na hiyo hofu ya kuipua mapema limeizaa lenyewe.

Sukari ya kawaida ni sukari mbili ndogo, glukosi na fruktosi, zilizoungana. Asidi ikikutana na moto huzitenganisha. Zikitengana kidogo ni jambo jema, kwa sababu mchanganyiko huo huizuia sukari isijipange upya kuwa chenga, na ndiyo maana watu hutia limau. Zikitengana nyingi unajitafutia balaa. Fruktosi hubadilika rangi mapema, kuanzia nyuzi 110 hivi, wakati sukari nzima husubiri hadi 160 na zaidi. Ndiyo yale manjano uliyoyaona. Halafu fruktosi ina uchu wa maji: hunyonya unyevu wa hewani usiku kucha wewe umelala.

Basi limau likaleta rangi, rangi ikakutia hofu, hofu ikakufanya uipue kabla ya wakati. Shira kwenye 138 ina sukari asilimia 95 hivi. Inayobaki ni maji. Ikipoa unaigonga inalia, unadhani imekuwa, kumbe bado inalainika na kutambaa polepole. Pipi ngumu inatakiwa ifike kati ya 149 na 154, ambapo maji yaliyobaki ni kama asilimia 1. Hapo ndipo inapoganda ikawa kioo, na nasema kioo kwa maana yake halisi: kitu kigumu kisicho na chenga ndani, mwanga unapita bila kuzuiwa. Friji nayo ikamalizia kazi. Kitu cha baridi kikitolewa nje, hewa hukiwekea umande, na umande juu ya sukari ni shira upya.

Asali usitie. Ina harufu nzuri, sikatai, lakini fruktosi ndiyo iliyozidi ndani yake, kwa hiyo utarudi palepale ulipo. Wapo wanaoipika ikakaa, ila si kazi ya kuanzia, na hasa si ya kupelekea watu zawadi. Tafuta shira ya glukosi, ile nzito isiyo na rangi inayovutika ukiinua kijiko. Ndani yake mna minyororo mirefu ya glukosi ambayo huwa kizuizi: chembe za sukari zikitaka kujipanga zinaikuta imekaa katikati. Tena uchu wake wa maji ni mdogo. Ukiikosa kabisa, limau lifanye nusu kijiko cha chai kwa gramu 400 za sukari, na pipi hizo zile mapema, usizihifadhi.

Vipimo ninavyovitumia ni sukari gramu 400, shira ya glukosi gramu 220, maji mililita 180. Usizidishe mara mbili kwa kutaka kumaliza haraka. Shira nyingi inakugandia mkononi kabla hujaikata hata nusu. Afadhali upike mara mbili.

Chagua sufuria yenye kitako kizito na yenye nafasi, maana shira hupanda. Kabla ya kuinjika, andaa kila kitu: trei iliyopakwa mafuta au vikalibu vya silikoni, ladha, rangi, mkasi, glovu. Baada ya 150 hutapata nafasi ya kutafuta kijiko. Vikalibu vya plastiki ya kawaida achana navyo, vitayeyuka.

Washa moto wa wastani, koroga mpaka sukari yote iyeyuke na usisikie tena mkwaruzo wa chembe chini ya mwiko. Ikianza kuchemka, toa mwiko, na usiurudishe. Funika sufuria dakika mbili tatu ili mvuke uoshe kuta zake, au zipanguse kwa brashi iliyolowekwa maji. Chembe moja iliyobaki ukutani ikidondoka ndani inatosha kuamsha nyingine zote, na dakika chache baadaye una sufuria ya chenga nyeupe. Hilo ndilo ulilokuwa unalikimbia ulipotia limau, na dawa yake ni kifuniko.

Kuanzia hapo kazi yako ni kutazama. Mwanzoni mapovu ni makubwa, mepesi, yanapasuka ovyo. Kipimajoto kitakaa karibu na 105 hadi 110 kwa muda mrefu mpaka udhani kimekufa; ni maji yanaondoka. Mapovu yataanza kuwa madogo, mazito, yanapasuka kivivu, na sauti ya mchemko inakuwa nzito. Ukipita 130 joto hupanda mbio, na hapo ndipo watu hupoteza pipi kwa kwenda kujibu simu. Punguza moto kidogo. Rangi ya chakula itie ikifika 127 hivi, matone machache, usikoroge; mapovu yenyewe yataisambaza. Mimi ningeacha rangi nyingi. Pipi nyekundu sana humtia mtu ulimi mwekundu siku nzima.

Ipua kwenye 149. Sufuria ina joto lake, itaendelea kupanda nyuzi kadhaa hata ikiwa nje ya moto. Ukiona imezidi, kitako chake kigusishe kwenye maji baridi kwa sekunde chache, bila tone kuingia ndani.

Hicho kipimajoto chako kwanza kipime. Kitie kwenye maji yanayochemka, ncha isiguse kitako. Usawa wa bahari maji huchemka kwenye 100, na kila ukipanda mita 300 hivi hupungua nyuzi 1. Kikisoma 95 ulipo, ondoa 5 katika kila namba niliyokuandikia, yaani utaipua kwenye 144. Sababu iwe ni mwinuko au kipimajoto kibovu, hesabu ni ileile.

Mama yako amesoma hapo juu ya bega langu akaguna. Kwake kipimajoto ni cha wasiojua kutazama. Ananiambia nikuandikie njia yake, nami naiandika kwa sababu haijawahi kuniangusha: weka bakuli la maji baridi sana kando ya jiko, dondosha shira kidogo kwa kijiko, subiri ipoe, uishike. Ikifanya kidonge kinachobonyea, bado kabisa. Ikifanya nyuzi zinazopinda kabla ya kukatika, bado. Hapo ndipo ulipoipua wewe. Nyuzi zikikatika kwa mlio mkavu bila kupinda, na kipande kikitafunwa bila kunata menoni, imeiva. Fanya vyote viwili. Sufuria iondoe motoni wakati unapima, kwa sababu unapobonyeza bakulini shira haikusubiri.

Ladha hutiwa mwisho, sufuria ikiwa nje ya moto na mapovu yametulia. Tumia mafuta ya ladha yaliyotengenezwa kwa chakula, ya mnanaa au chungwa, robo tatu ya kijiko cha chai kwa kipimo chetu. Mdalasini na karafuu ni kali, kata nusu yake. Ladha za maji zinazotumika kwenye keki zitageuka mvuke zikupotee, tena zinarusha matone. Rudisha uso nyuma unapotia, mvuke wa mafuta ya mnanaa unachoma macho. Ukitaka uchachu wa limau, sasa ndiyo wakati: nusu kijiko cha chai cha unga wa asidi ya sitriki, koroga mara chache, mimina. Haina tena moto wa kutosha wala muda wa kuharibu sukari. Na ladha iwe moja kwa kila sufuria. Kuchanganya mnanaa na chungwa sijaona aliyenufaika nako.

Ukimimina kwenye trei, kingo hutangulia kuganda. Anza huko. Ukichora kwa kisu kilichopakwa mafuta na mstari usijifunge tena, ndiyo imefika: chora miraba yote upesi, halafu ikipoa vunja kwa kufuata mistari. Au vuta vipande vya kingoni ukate kwa mkasi uliopakwa mafuta, ukirudi ndani kidogokidogo. Iache ipoe mezani. Friji usiifikirie kabisa.

Shira ya 150 haimwagiki ngozini ikapita kama maji. Inanata na kuendelea kuunguza. Vaa mikono mirefu na viatu, watoto watoke jikoni, nawe usionje kwa kidole hata ukijiamini namna gani. Ikitokea imekurukia, peleka mkono kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Siagi na dawa ya meno hazina kazi hapo. Ngozi ikitoka malengelenge makubwa, au ikiwa ni usoni, nenda hospitali.

Kuhifadhi ndiko kutaamua kama zitafika sikukuu. Siku ya mvua au ya hewa nzito ahirisha, sukari itaanza kunyonya unyevu ikiwa bado mezani. Zikipoa kabisa, zigaragaze kwenye sukari ya unga, zipepete zibaki na vumbi jembamba, kisha kila moja ifunge kwenye karatasi yake na kusokota ncha. Najua inachosha. Lakini pipi mbili zinazogusana uchi zitashikana tu siku moja, na iliyofungwa hata ikianza kulainika haimwambukizi mwenzake. Zitie kwenye chupa au kopo lenye kifuniko cha kubana, liweke kabatini mbali na jiko. Ukizitoa kwa zawadi, toa kopo kwa kopo, usifungue moja kila siku.

Za zamani usizitupe. Zirudishe sufuriani na maji kidogo uzifanye shira ya kutilia kwenye chai. Kuzipika upya ziwe pipi usijaribu, limau bado limo na manjano yatakuja mapema kuliko mara ya kwanza. Sufuria iliyoganda sukari nayo usiikwangue: jaza maji, injika, sukari itayeyuka yenyewe pamoja na ile ya kwenye mwiko na kipimajoto.

Yule mdogo wetu hajafika miaka 4, pipi ngumu usimpe hata akilia. Zinakaba. Mtafutie kitu laini, na wakubwa wake waambie wakae chini wanapomumunya, si kukimbia nazo mdomoni.

Ukipika niandikie ulipoipua kipimajoto kilisoma ngapi, na kesho yake asubuhi zilikuwaje. Mama yako anasema umwambie yeye habari za bakuli.

Baba yako